Mwalimu, Mteremko na Nyasi za Plastiki

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alikuwa mtu wa kwanza, na nadhani wa mwisho, katika Kayole nzima kuamini kwamba maji yana adabu. Darasani alitufundisha vizuri kabisa kwamba maji hutoka juu kwenda chini, hayaombi ruhusa, wala hayamwogopi mtu kwa kuwa amevaa tai. Alituchorea mlima, akachora mto, akatia mishale mingi hata mlima ukaonekana umepigwa vita. Kisha akafuta ubao, akarudi kwake kwenye ua ulioinama kama paa la kanisa, na huko akaishi kana kwamba maji ya mtaa wetu yamekwisha kupata habari zake na yatapitia kwa jirani.

Sikuwahi kumwita kwa jina. Hakuna aliyemwita kwa jina. Mkewe naye alimwita Mwalimu, hata akimtuma chumvi. Sisi wanafunzi wake tulikuwa watu wazima wenye vitambi na ndevu, wengine wenye wajukuu waliotupita kwa kusoma. Mchana mimi nilikuwa nikipakia sabuni kwenye kiwanda kimoja Baba Dogo, na jioni niliingia darasani nikinukia usafi ambao sikuwa nao. Niliketi dawati moja na fundi wa viatu kutoka Kariokor, mtu aliyekata tairi za lori kuanzia asubuhi na kuwakata watu kwa ulimi kuanzia jioni. Viatu vyake vilikuwa akala, basi naye tukamwita Akala, na alifurahi, maana alikuwa ameitwa mabaya zaidi.

Watoto wa mtaa walizoea kutuchungulia dirishani na kutuimbia, "Gumbaru! Gumbaru!" kwa kuwa wazee wanaosoma a-e-i-o-u ni sinema ya bure. Mwalimu aliwatokea siku moja, chaki mkononi, akawaambia kwa upole wa hakimu, "Chekeni polepole. Ujinga haulipi kodi, lakini pia hauhami." Watoto hawakuelewa. Sisi nasi hatukuelewa, lakini tuliandika.

Mavazi yake yalihitaji watu wawili kuyaeleza. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa waziri: koti la kahawia, tai iliyobana koo, chaki mbili zikichungulia mfuko wa kifuani kama kalamu za daktari. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa muosha magari: suruali iliyokunjwa hadi magotini na gambuti nyeusi zilizomfika hapo hapo. Ukimwuliza mbona, alijibu kwamba kichwa kinaishi Nairobi lakini miguu inaishi Kayole, na kila kiungo kivae kulingana na anwani yake.

Na kweli, udongo wetu haukuwa udongo wa kuchezea. Wageni waliuita tope kwa sababu hawakuwa wameishi nao. Ni ule mfinyanzi mweusi, mzito, wenye kinyongo. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa ambazo nimewahi kuona zikimeza kuku na kurudisha manyoya. Mvua ikinyesha unavimba kama mandazi kwenye mafuta, unainua mlango, unapindua ukuta wa choo, na ukikushika kiatu unakishika kwa moyo wote. Kuna gambuti za watu zimezikwa Kayole bila ibada. Sasa chukua udongo huo, uinamishe kutoka mlango wa nyumba hadi getini, kisha umwombe binadamu ashuke akiwa na karai kichwani. Huo ndio ulikuwa ua wa Mwalimu.

Dawa ya mteremko kama huo aliijua kuliko mtu yeyote. Alizaliwa kwenye vilima vya Machakos, mahali ambapo mtoto hujifunza kuchimba matuta kabla hajajifunza kupiga mluzi. Unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa juu, unarudia chini yake, na chini yake tena, mpaka mlima wote unakuwa ngazi na maji yanakosa pa kukimbilia. Kila likizo ya utoto wake aliimaliza kwenye mitaro hiyo. Alituambia habari hizo mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa kutuonyesha viganja vyake, laini kama vya karani wa kanisa.

"Mnaona? Nilisoma ili mikono hii isahau jembe. Na imesahau. Mkiniona nimeshika jembe mjini, mjue elimu imenishinda, na darasa hili nalifunga."

Akala akaninong'oneza, "Huyu buda anaogopa jembe kuliko mimi ninavyoogopa hesabu za sehemu." Na hiyo haikuwa hofu ndogo.

Ndipo masika fulani, katikati ya miaka ya tisini, mkewe akaanguka.

Tulimwita Mama, sote. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti iliyoongoza akina mama wa kanisa katika nyimbo bila kuhitaji ngoma. Alikuwa akishuka na kikapu kwenda kununua mboga, udongo ukamkataa. Akateleza kutoka mlangoni hadi getini, na paja likavunjika. Alikaa hospitalini hadi mahindi ya watu yakachanua. Aliporudi alikuwa na fimbo na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, na ule ua ukawa kwake kama mto uliojaa. Wakati wa ukame alishuka polepole, ameshika ukuta. Tone la kwanza likidondoka, basi, anakaa mlangoni akitazama geti, na kanisani wanaimba bila ya mtu wa kuwaanzishia.

Jumapili moja tulikwenda kumjulia hali, mimi na Akala. Mwalimu alikuwa akituelezea jinsi mfupa unavyounga, kwa mchoro, kwenye mlango wake mwenyewe, kwa chaki. Mama akamkatiza.

"Mwalimu, mimi nakuambia mbele ya hawa watoto wako wenye ndevu. Masika mengine yanakuja. Nikianguka tena kwa hili tope, wewe hutaniokota. Nitaokotwa na ndugu zangu, watanipeleka Machakos, na nitabaki huko. Kule kuna mchanga. Mchanga haujavunja mtu."

Mwalimu alicheka. Sisi hatukucheka. Mama alikuwa mtani sana, lakini utani wake wote aliufanya kwa Kikamba. Kiswahili alikitumia kwa mambo ya kanisa na mambo ya kweli.

"Mama, nitautengeneza ua," Mwalimu akasema.

"Utautengeneza na nini? Na chaki?"

Jirani wa kulia akamshauri aweke zege. Mwalimu akasema zege ni la soko la ng'ombe. Jirani wa kushoto akamshauri achimbe ngazi ajaze changarawe. Mwalimu alikunja mikono nyuma, akaificha ile mikono. Tatizo lilikuwa kwamba alikuwa na ahadi ya zamani. Alipokuwa akimchumbia Mama alimwambia kwamba mjini atamjengea nyumba yenye uwanja wa nyasi, mbichi kama za wazungu wa zamani, naye atatembea juu yake bila viatu. Ni ahadi ya kawaida. Wengine tumeahidi magari. Lakini Mama aliihifadhi, na kila alipotaka kumnyamazisha mumewe alimwuliza kwa sauti tamu, "Mwalimu, viatu nivue saa hii au ningoje?"

Nyasi za kweli alikwisha kuzijaribu. Alizipanda, kiangazi kikafungua nyufa, zikatumbukia. Akazipanda tena, zikaliwa na mbuzi wa jirani ambaye alionekana kuja na familia. Basi mwaka huo, akitembea kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo baada ya sherehe kuisha, akaona wafanyakazi wakivunja kibanda cha kampuni moja. Chini ya kibanda palikuwa na zulia la kijani, nyasi za plastiki, ndefu kidogo, zimechakaa kona. Ndiyo. Kwenye maonyesho ya kilimo, nyasi za plastiki. Mwalimu aliona hiyo ni busara. Alirudi Kayole na mkokoteni uliobeba magombo ya zulia, na nyuma ya mkokoteni yeye mwenyewe, tai imenyooka, kama anasindikiza bibi harusi.

Mtaa haukumpokea vizuri. Kabla magombo hayajashushwa, mama mmoja muuza mboga pale getini alikuwa amekwisha kuyatambua.

"Haki hizo ni zile wanatandika kando ya kaburi za matajiri! Nimeziona kwa mazishi! Mwalimu, umezitoa kwa nani?"

Kwa siku kadhaa wageni waliokuja kwake walipita wakinyanyua miguu juu, wakijipiga msalaba hata wale ambao dini yao haina msalaba. Mwalimu alijibu kwamba hata blanketi humfunika maiti na bado watu hulala.

Akatuita mimi na Akala tumsaidie kutandika. Akala alileta sindano yake kubwa na uzi wa kushonea viatu, ili aunge vipande viwe kitu kimoja. Mimi nilileta nguvu na maswali.

"Mwalimu, kwanza si tuchimbe? Tutoe huu mfinyanzi wa juu, tuweke mawe, maji yapate njia?"

"Kuchimba?" akasema, kama nimemtajia ugonjwa. "Zulia sebuleni unalichimbia?"

"Sebule yako haijainama, Mwalimu."

"Fuata maelekezo."

Tukafuata. Akala alishona tangu asubuhi, akalalamika kwamba hajawahi kumshonea mtu kiatu cha ukubwa ule. Zulia lilipokuwa moja, alilipapasa kwa kiganja, akakunja uso.

"Kuja uone. Hizi nyasi zimelala upande mmoja, kama manyoya ya paka. Ukipapasa hivi ni laini. Ukirudisha mkono zinakwaruza. Sasa, Mwalimu, tuzilaze zikiangalia wapi?"

Mwalimu akashuka hadi getini, akajishika kidevu, akatugeuzia zulia mara huku mara kule. Nyasi zikilalia upande wake, aliziona za kijani kibichi, nzito, za kupendeza. Zikimpa kisogo, ziling'aa weupe weupe.

"Ziangalie geti," akaamua. "Mgeni huingilia getini. Hashuki kutoka mbinguni."

Mama alikuwa ameketi mlangoni, fimbo mapajani, akituangalia. "Mwalimu, lakini kutoka huku naziona zimepauka. Kama sare ya shule iliyozidishiwa dawa ya madoa."

"Mama," Mwalimu akamjibu bila kugeuka, "wewe si mgeni."

Akala alinitazama, mimi nikatazama uzi.

Basi tukalitandaza moja kwa moja juu ya mfinyanzi, nyasi zikilalia chini kuelekea getini, pembeni tukaweka mawe, na juu tukapigilia vigingi vichache vya miti. Kwa macho ya getini ilikuwa ni Ikulu. Sijaona kitu kizuri kama kile katika Eastlands nzima, na nimezunguka. Watu walipita wakasimama. Mbuzi wa jirani alikuja, akauma, akafikiri maisha yake upya, akaondoka.

Mwalimu akatangaza uzinduzi. Ndiyo, uzinduzi, na utepe. Jumapili alasiri, darasa lote la gumbaru lilialikwa, pamoja na akina mama wa kanisa. Viti vya plastiki vilipangwa juu ya nyasi, vikiinama kwa heshima kuelekea getini. Utaratibu ulikuwa kwamba Mwalimu atakata utepe, atoe hotuba, halafu Mama ashuke juu ya nyasi bila viatu, kuanzia mlangoni hadi getini, huku wenzake wakiimba. Mama alikwisha kuvua viatu. Alikuwa amevaa ile leso yake ya Krismasi. Ingawa hakusema, tuliona anajiandaa; alikuwa akivijaribu vidole vyake vya miguu, kimoja kimoja.

Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Njiru. Mwalimu aliyaona. Akayatazama kama anavyomtazama mwanafunzi mchelewaji.

"Ndugu zangu," akaanza, akiwa amesimama juu kabisa karibu na mlango. "Binadamu amepigana na mazingira tangu enzi za mawe..."

Mvua ikashuka. Si manyunyu, ni ile mvua inayokuja kama imetumwa. Watu wakainuka, akawanyooshea mkono. "Ketini! Plastiki hainyonyi maji!" Na hilo lilikuwa kweli. Maji hayakunyonywa. Yalipita kwenye mishono ya Akala, yakaingia chini, yakakutana na mfinyanzi, na wale wawili wakaelewana haraka kuliko ndugu waliopotezana.

Nilihisi kiti changu kikisogea. Nikadhani ni Akala ananitania.

"Wacha bwana," nikamwambia.

"Mimi niko nyuma yako, wewe ndio unaniacha!"

Uwanja wote ulikuwa ukishuka. Polepole mwanzoni, kwa adabu, kama msafara wa kiongozi. Vigingi viling'oka kimoja kimoja vikitoa sauti ya vifuniko vya soda. Na Mwalimu, Mungu amweke, hakukatiza hotuba. Alishuka nayo amesimama wima, kidole juu, nyasi zikimbeba, na jinsi alivyotukaribia ndivyo sauti yake ilivyopanda. Enzi za mawe zilianzia mlangoni. Alipofika enzi za chuma tulikuwa katikati ya ua. Maendeleo ya kisasa yalitukuta sote getini, akina mama, viti, utepe, na zulia zima limejikunja juu yetu kama blanketi la hospitali. Geti lilifungukia ndani, kwa hiyo hatukuweza kutoka. Kwaya iliimba. Sijui kwa nini iliimba. Nadhani ni mazoea ya hatari.

Nilipofaulu kutoa kichwa nilitazama juu. Mteremko ulikuwa uchi, mweusi, unang'aa. Na Mama alikuwa amesimama kizingitini, mguu mmoja hewani, mahali hasa ambapo nyasi zilikuwa zimeanzia. Aliurudisha ule mguu ndani polepole. Hakuna aliyeumia kati yetu zaidi ya majivuno, lakini kila mtu pale chini alielewa jambo lile lile: hotuba ingekuwa fupi kidogo tu, Mama angekuwa juu ya lile zulia.

"Mwalimu," alisema kutoka kule juu, na mvua haikuweza kumzidi sauti. "Mimi nilikuwa zamu inayofuata."

Akaingia ndani. Tukasikia sanduku la bati likiburutwa kutoka chini ya kitanda.

Sanduku lile lilikaa mlangoni, limefungwa, leso ya Krismasi ndani yake. Kila mtu aliyepita aliliona. Ile haikuwa masika yenyewe, ilikuwa mvua ya kubisha hodi tu. Masika yalikuwa yanakuja, na ndugu wa Mama kule Machakos walikuwa wamekwisha kupelekewa salamu. Mwalimu alijaribu kwanza kulibana zulia kwa misumari mirefu. Mfinyanzi ulikauka, ukapasuka, ukaitema kama mbegu za chungwa. Akajaribu mawe makubwa zaidi. Siku ile jiwe lilipobingirika hadi kwa muuza mboga na kuvunja debe la nyanya, aliacha kujaribu. Akawa kimya. Mwalimu kunyamaza kulikuwa kama redio kuzimika wakati wa habari. Kila mtu alimtazama mwenzake.

Halafu jioni moja alikuja darasani akaanza kuandika ubaoni, na chaki ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Akaishika kwa ngumi kama mtoto wa chekechea. Tuliokuwa mbele tuliona viganja: vimetoka malengelenge, mengine yamepasuka, na damu kidogo imeshika kwenye chaki nyeupe.

Wote tulikumbuka kile alichosema kuhusu jembe. Alitugeukia, akangoja. Nilidhani atalifunga darasa kama alivyoapa.

Akala ndiye aliyemwahi. "Mwalimu, pole. Hiyo chaki yako ina mpini?"

Mwalimu akacheka, kicheko kilichotokea tumboni, mpaka tai ikalegea. "Ina mpini," akasema. "Na ni mzito. Andikeni: Elimu ni kujua ulichokikimbia kiko wapi, ili siku ukikihitaji usipotee njia." Tukaandika. Ile tuliielewa.

Alichimba mwenyewe. Tulipokwenda kujitolea alitufukuza. "Hiki ni kilimo cha kwetu. Nyinyi watu wa tambarare mtaniharibia mkono." Lakini nilichungulia getini na nikaona kazi ambayo hadi leo naisimulia kwa kuongeza chumvi kidogo tu. Alikata ule mteremko mtaro baada ya mtaro, udongo akautupa upande wa juu, akapiga kila tuta hadi likawa kama meza. Ule mfinyanzi wa juu aliuondoa, akajaza mawe na changarawe, akashindilia kwa gogo. Pembeni akapitisha mfereji, na maji, yale maji yasiyo na adabu, yakaonyeshwa mlango. Waziri wa kiunoni kwenda juu hakuonekana. Palikuwa na mtu mmoja tu, mweusi kwa tope kutoka nywele hadi gambuti, akiimba kwa Kikamba wimbo ambao nadhani ulikuwa wa kuwatukana wasimamizi wa mitaro ya utotoni.

Kitu kimoja kilitushangaza. Ngazi zenyewe zilikuwa fupi ajabu. Mtu mzima akipanda, ama anadonoa kama kuku au anaruka mbili mbili. Akala alimwuliza kama amesahau urefu wa hatua ya binadamu. Mwalimu akamvuta hadi kizingitini na kumwonyesha sakafu ya ndani. Kulikuwa na mistari ya chaki. Alikuwa amemwomba Mama atembee ndani ya nyumba na fimbo yake, mguu mzima na mguu mfupi, naye akimfuata kwa magoti, akichora kila alipokanyaga.

"Hiyo ndiyo hatua ya binadamu," akasema.

Zulia alilirudishia peke yake, geti limefungwa. Alilikata vipande, akavifunga kila kimoja kwenye ngazi yake, akavibana kwa vipande vya tairi ambavyo Akala alimletea bila kuombwa. Siku geti lilipofunguliwa, mtaa ulikuja kutazama, na ukweli usemwe: zilikuwa mbaya. Ule ukijani wa Ikulu uliisha. Kutoka getini ngazi zote zilionekana zimepauka, kijivu, kama mkeka wa msikiti ulioanikwa mwaka mzima.

"Zimezeeka kwa aibu," Akala akasema.

"Ni tope," mimi nikasema kitaalamu. "Likiingia halitoki. Mimi ni mtu wa sabuni, najua."

Mwalimu alisikia, akaendelea kukaza kipande cha tairi. Hakutoa hotuba. Hilo ndilo lililotutisha.

Masika yalianza asubuhi ya Jumapili. Tulikuwa tumejikinga chini ya mwavuli wa muuza mboga, mimi, Akala na nusu ya darasa, kila mmoja akijifanya amekuja kununua sukuma wiki. Mlango ukafunguliwa. Mama akatoka na fimbo, mwavuli mkononi. Akavua viatu. Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, akausukuma mbele kuona kama utateleza. Haukuteleza. Nyasi ziliukwaruza, zikaushika. Akashuka, na tena, na tena, maji yakipita pembeni kwenye mfereji kama watumishi. Mwalimu alisimama mlangoni amekunja mikono yake mibovu. Sijawahi kumwona mtu akiwa na mdomo ule na asiutumie.

Mama alifika getini. Akanunua nyanya. Akamwambia muuza mboga, "Ongeza moja, nimetoka mbali." Kisha akatugeukia sisi: "Na nyinyi mmekuja kunizika?" Akaenda zake kanisani, na siku hiyo waliimba na mtu wa kuwaanzishia.

Miaka ilipita. Nilifanya mtihani, nikafaulu, jambo ambalo Mwalimu alilitangaza mtaani kama muujiza wake binafsi. Nikahamia Baba Dogo karibu na kiwanda, nikapewa cheo cha kuwafokea wapakiaji wengine. Kila nilipopita Kayole nilimsalimia kupitia getini tu, haraka haraka, na kila mara nilimtania kuhusu zile nyasi zake zilizopauka. "Mwalimu, nikuletee sabuni?" Naye hunijibu, "Lete, uoshe macho."

Mwisho wa ile miaka ya tisini nilipata habari kwamba amestaafu darasa, magoti yamemkataa. Nikaenda na Akala. Tulimkuta katikati ya ua, akizipiga nyasi brashi. Alikuwa amekonda, lile koti la kahawia linamvaa yeye. Alipiga brashi kwa mkono mmoja, mwingine ameshika fimbo, na nikaitambua fimbo: ile ya Mama. Na alikuwa akipanda ngazi moja moja, bila shida yoyote. Hatua yake ilikuwa imefupika, ikazikuta zinamngoja.

"Niaje Mwalimu," Akala akasema.

"Sema shikamoo, we mkata tairi."

"Shikamoo. Bado unawafuga hawa paka?"

"Marahaba. Pandeni juu. Mama amepika isio, mahindi na maharagwe ya kwetu."

Tukapanda, tukidonoa kama kuku. Mama alikuwa mlangoni, ameketi juu ya sanduku la bati, anasuka kiondo. Tulisikia jinsi lilivyolia alipojisogeza kutupisha: lilikuwa tupu. Akaniambia niketi kando yake, nimpishe Mwalimu njia. Nikaketi, nikageuka kutazama nilikotoka.

Nilisahau kumsalimia.

Ua wote ulikuwa kijani. Si kijani cha kawaida. Kijani cha mahindi machanga baada ya mvua, ngazi juu ya ngazi, kutoka miguuni pa Mama hadi getini, na kila jani la plastiki limelala likielekea mlangoni. Mwalimu alikuwa akija, akisukuma brashi mbele yake kwenda juu, akiyainua yale machache yaliyokuwa yamelegea.

"Mwalimu," nikasema. "Kumbe..."

"Kumbe nini? Usikae hapo muda mrefu, hicho ni kiti cha watu." Akafika, akavuta pumzi, akamkabidhi Mama fimbo kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. "Isio itapoa."

Tulikula. Tulicheka. Akala alimuuliza Mama kama bado anangoja kuvua viatu, na Mama akamwonyesha miguu. Wakati wa kuondoka tukashuka, nikafunga geti, nikageuka mara moja tena. Zilikuwa zimepauka vilevile, kijivu, za kutia huruma.

Muuza mboga alikuwa bado pale, na nyanya zake. "Sasa nyinyi ni wanafunzi wake," akatuambia. "Mbona msimwambie atupe hiyo takataka? Imeisha rangi kabisa."

Nilimtazama Akala, mtu ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe. Alikuwa akichagua nyanya.

"Imeisha kabisa, mama," nikasema. "Tupimie."